Bolivia: kura ni ya wananchi, orodha ni ya wabunge

Coroico ni mji mdogo uliojishika kwenye mteremko wa milima ya Yungas, saa chache kwa gari kutoka La Paz, katika eneo la kahawa, machungwa na majani ya koka. Watalii wanaujua kwa ajili ya barabara ya zamani iliyokuwa ikiteremka kuufikia, nyembamba na yenye makorongo upande mmoja, iliyopewa jina la Barabara ya Kifo. Mwaka 2025 Wabolivia waliusikia kwa jambo jingine kabisa. Hakimu wa mji huo alitoa amri ya kumng'oa Fanny Coaquira kwenye kiti chake katika Mahakama ya Juu ya nchi. Coaquira alikuwa ameingia kwa kura za wananchi wa mkoa wa La Paz miezi michache tu nyuma. Aliyekwenda kulalamika ni mgombea aliyeshindwa, na kama amri ingesimama, kiti kingekuwa chake.

Kashfa ikalipuka mwezi Juni. Waendesha mashtaka walidai kwamba nyuma ya amri ile kulikuwa na mtandao wa mahakimu, mawakili na wakubwa serikalini, na Waziri wa Sheria, César Siles, akaondoka kwenye uwaziri na kufunguliwa mashtaka. Mashtaka si hukumu, na kesi ya Siles naiachia mahakama. Kinachonishangaza ni kwamba njia yenyewe ilikuwepo, na kila mtu mjini La Paz aliijua. Nchi iliwapa wananchi haki ya kuwachagua majaji wakuu kwa kura ya siri, jambo ambalo hakuna taifa lingine duniani lilikuwa limelifanya kwa mahakama zake zote za juu, na bado kiti hicho kingeweza kuchezewa kutoka kwenye chumba cha hakimu wa wilaya.

Wanaoizungumzia Bolivia hupenda kubishana kama ni busara kumchagua jaji kwa kura. Ubishi huo una raha yake, ila unatupotezea muda. Sanduku la kura halikuwahi kuwa mahali pa kuamulia nani awe jaji Bolivia. Maamuzi hufanyika kabla yake, pale orodha ya wagombea inapoandikwa, na baada yake, pale muhula unapokwisha na mtu hataki kuondoka. Anayeishika milango hiyo miwili ndiye anayeishika mahakama, hata wananchi wapige kura kila mwezi.

Tuanze na Sucre, kwa sababu mahakama za Bolivia zina mji wao na mji huo una kumbukumbu ndefu. Sucre ndio mji mkuu kwa mujibu wa Katiba, ingawa rais, mawaziri na wabunge wote wako La Paz. Mfalme wa Hispania aliamua kuweka mahakama kuu ya Charcas mjini humo mwaka 1559. Uhuru ulitiwa saini humohumo tarehe 6 Agosti 1825, na Mahakama ya Juu ya jamhuri ikaanzishwa mwaka 1827. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe ya mwaka 1899: waliberali wa La Paz wakawashinda wahafidhina wa Sucre, serikali na bunge vikahamia La Paz, na Sucre wakaachiwa majaji kama kifuta machozi. Kidonda hakijapona. Mwaka 2007, wakati Bunge la Katiba likiandika katiba mpya mjini humo, watu wa Sucre waliingia barabarani kudai serikali irudi kwao, na watatu wakauawa katika machafuko ya Novemba. Ukitaka kujua kwa nini majaji wa Bolivia hujiona wako mbali na dola na wakati huohuo wanaisubiri dola iwapigie simu, anzia hapo.

Kabla ya katiba hiyo, majaji wakuu waliteuliwa na Bunge kwa theluthi mbili. Kwenye karatasi utaratibu huo unapendeza, kwa kuwa unavilazimisha vyama vipatane. Vyama vilipatana kweli: kiti hiki chenu, kile chetu, cha tatu tumpe yule mshirika mdogo asinune. Ndiyo maana mwaka 2006 Evo Morales alipoingia madarakani na MAS, chama chake cha mrengo wa kushoto, hakuna aliyesimama kuililia mahakama. Majaji walikuwa wameonekana kwa miaka mingi kama mali ya familia chache za mjini, zenye Kihispania safi na ofisi za uwakili zilizorithiwa. Mkulima wa Kiaymara au Kikechua aliyekanyaga mahakamani alikuwa akihukumiwa kwa lugha asiyoielewa vizuri na mtu asiyejua anakotoka.

Kilichofuata ni jambo ambalo marafiki wa MAS hawapendi kulikumbuka. Kati ya mwaka 2007 na 2009 Mahakama ya Katiba ilikauka. Majaji wake walishtakiwa bungeni, wakajiuzulu mmoja baada ya mwingine, na nafasi hazikujazwa. Mwaka 2008 alibaki jaji mmoja tu, Silvia Salame. Mwanamke huyo, peke yake katika mahakama nzima, alitaka kura ya maoni ya Agosti 2008 ya kumwondoa au kumbakisha rais na wakuu wa mikoa isimamishwe mpaka swali la uhalali wake lijibiwe. Hakuna aliyemsikiliza. Kura ikapigwa, Morales akabaki kwa zaidi ya asilimia 67, na mwaka uliofuata Salame naye akaondoka. Nchi ikakaa bila Mahakama ya Katiba wakati ikiingia kwenye katiba mpya. Mwaka 2010 rais akapewa na sheria ya mpito mamlaka ya kuteua majaji wa muda kujaza mapengo.

Katiba hiyo mpya, iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya Januari 2009, ndiyo iliyoleta uchaguzi wa majaji. Mpango ulikuwa hivi. Bunge linapokea maombi, linawasaili waombaji, na kwa theluthi mbili ya wabunge waliohudhuria linapitisha orodha. Wananchi wanachagua kutoka kwenye orodha hiyo. Mgombea haruhusiwi kufanya kampeni wala kuwa mwanachama wa chama. Tume ya uchaguzi pekee ndiyo inayotangaza sifa zake. Muhula ni miaka sita, hakuna kurudia. Nia ya kuzuia kampeni ilikuwa njema, fedha na vyama visiingie. Matokeo yake ni kwamba mpiga kura anaingia kwenye kibanda akiwa na karatasi ndefu yenye safu za picha ndogondogo za watu waliovaa vizuri, wote wanasheria, wote wanaahidi uadilifu, na hakuna hata mmoja anayemjua.

Ila katika maelezo yale yote sentensi moja tu ndiyo yenye uzito, ile ya theluthi mbili. Mwaka 2011, uchaguzi wa kwanza ulipofanyika, MAS ilikuwa na theluthi mbili peke yake. Haikuhitaji kupatana na mtu. Orodha iliandikwa na chama kimoja, kisha wananchi wakaambiwa wachague kwa uhuru. Walijibu kwa namna yao: tarehe 16 Oktoba 2011, karibu asilimia 60 ya kura zilikuwa tupu au zimeharibiwa. Mwaka 2017 hali ikawa mbaya zaidi, karibu theluthi mbili ya kura. Lakini sheria inahesabu kura halali tu, hivyo mtu aliweza kuvaa joho la jaji mkuu kwa ridhaa ya sehemu ndogo sana ya wapiga kura, na asubuhi yake akasema anawakilisha wananchi.

Aliyenivutia katika kundi la kwanza ni Gualberto Cusi, Mwaymara aliyeongoza kwa kura katika wagombea wa Mahakama ya Katiba. Mwaka 2012 alisema hadharani kwamba katika kesi ngumu huwa anayauliza majani ya koka. Magazeti ya mijini yalimcheka kwa wiki kadhaa. Binafsi sikuona cha kucheka. Majaji wengi duniani wana kitu wanachokiangalia kabla ya kuamua, na mara nyingi ni kitu kibaya kuliko koka. Kilichomponza Cusi si majani. Yeye na wenzake wawili, Soraida Chánez na Ligia Velásquez, walisimamisha utekelezaji wa sheria ya serikali kuhusu mawakili wa kuthibitisha nyaraka. Mwaka 2014 Bunge likawafungulia mashtaka. Velásquez akajiuzulu, Cusi na Chánez wakaishia kuondolewa na Seneti. Waliobaki waliliona somo bila kuhitaji mwalimu.

Somo hilo lilihitajika kwa kazi moja kubwa, kazi ya mihula. Katiba ya 2009 iliruhusu mihula miwili, na kifungu chake cha mpito kilisema kwamba mihula iliyotangulia nayo inahesabiwa. Hiyo ilikuwa sehemu ya makubaliano na wapinzani ili katiba ipite. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ikasema muhula wa kwanza wa Morales, ulioanza 2006, hauhesabiki kwa kuwa dola lilikuwa limezaliwa upya. Akagombea tena mwaka 2014 na kushinda. Tarehe 21 Februari 2016 aliwauliza wananchi kama wanakubali katiba ibadilishwe agombee tena, asilimia 51.3 wakasema hapana. Basi lingekuwa limekwisha. Tarehe 28 Novemba 2017, siku chache tu kabla ya kundi lao kubadilishwa na uchaguzi wa pili wa majaji, majaji walewale waliamua kwamba kuzuiwa kugombea kunavunja haki za binadamu za mgombea, wakanukuu kifungu cha 23 cha Mkataba wa Haki za Binadamu wa nchi za Amerika. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Amerika yenyewe ilikuja kusema mwaka 2021 kwamba haki ya kugombea bila ukomo haipo katika mkataba huo. Wakati huo Bolivia ilikuwa imeshaungua.

Uchaguzi wa Oktoba 2019 na tuhuma za wizi wa kura, maandamano, polisi kuasi, jeshi kumshauri rais ajiuzulu, Morales kuondoka tarehe 10 Novemba: hayo yanajulikana. Watu wengi hawajui mahakama ilifanya nini. Tarehe 12 Novemba, Jeanine Áñez, makamu wa pili wa spika wa Seneti, alijitangaza rais katika Bunge lisilotimiza akidi. Siku hiyohiyo Mahakama ya Katiba, sasa ya kundi la pili lililochaguliwa 2017, ikatoa tamko kwa vyombo vya habari likiunga mkono urithi huo. Hapakuwa na kesi wala hoja za pande mbili, ni taarifa kwa umma tu. Mwaka 2021, MAS ikiwa imerudi madarakani chini ya Luis Arce na Áñez akiwa rumande, tamko lilelile likaelezwa kuwa halikuwa na nguvu ya hukumu. Na mwisho wa Desemba 2023, Arce na Morales wakiwa wameshakuwa mahasimu, mahakama hiyohiyo ikatamka kwamba mihula ni miwili tu, mfululizo au kwa kuruka. Mei 2025 msimamo huo ukakaziwa, na Morales akabaki nje ya karatasi ya kura.

Naamini uamuzi wa mwisho ndio sahihi kisheria. Morales hakuwa na haki ya kugombea tena, na hakuwa nayo mwaka 2017 wala 2019. Lakini siwezi kuwapongeza majaji kwa kufika kwenye ukweli kwa gari la serikali. Taasisi ileile iliyomfungulia mlango ndiyo iliyomfungia, na mara zote mbili kipimo kilikuwa ni nani yuko ikulu.

Sasa tuje kwenye mlango wa pili, wa kutokea. Mwaka 2020 MAS ilishinda uchaguzi lakini ikapoteza theluthi mbili. Hapo ndipo mpango wa 2009 ulipoonyesha mbavu zake. Chama kimoja kikiwa na theluthi mbili, orodha ni yake. Kisipokuwa nayo, orodha haiandikwi kabisa, na zaidi pale chama chenyewe kinapopasuka katikati kama MAS ilivyopasuka kati ya watu wa Arce na watu wa Evo. Uchaguzi uliotakiwa kufanyika mwaka 2023 haukufanyika. Muhula wa majaji wote wakuu ulikuwa uishe siku moja, mwanzoni mwa Januari 2024. Tarehe 11 Desemba 2023 Mahakama ya Katiba ikatoa tamko namba 0049 la mwaka huo: majaji wote, wakiwemo wenyewe, wanaendelea mpaka wapatikane wengine.

Hoja yao ilikuwa kwamba nchi haiwezi kukaa bila mahakama. Na kweli, kumbukumbu ya Salame aliyebaki peke yake ilikuwa hai. Lakini jaji anayeamua kesi kuhusu mshahara wake na kiti chake mwenyewe hahitaji sifa za sheria kueleweka anaelekea wapi. Januari 2024 wafuasi wa Morales walifunga barabara kuu kwa zaidi ya wiki mbili, malori yakalala Cochabamba, bei za nyama na mafuta zikapanda La Paz, mpaka Bunge likakubali sheria ya kuitisha uchaguzi wa majaji mwaka huohuo. Hapo zikaanza kesi. Mwombaji aliyekatwa kwenye usaili katika mkoa wa Beni anafungua ombi la kulinda haki zake za kikatiba, mwingine Pando, na mahakama ya mkoa inasimamisha mchakato wa nchi nzima. Mei 2025 mahakama ya Beni hiyohiyo ikasimamisha usajili wa chama kilichokuwa kimembeba Andrónico Rodríguez, spika wa Seneti aliyekuwa mgombea urais, na mgombea akakaa wiki kadhaa bila kujua kama yumo au hayumo. Kila mwenye nia alijua ni mlango upi wa kubisha hodi.

Novemba 2024, wiki chache kabla ya kura, chemba yenye majaji wawili ya Mahakama ya Katiba iliamua kwamba uchaguzi wa mahakama hiyo usifanyike katika mikoa mitano kati ya tisa: Santa Cruz, Cochabamba, Tarija, Beni na Pando. Kwa Mahakama ya Juu, Beni na Pando pia zikaachwa. Tafsiri yake kwa vitendo ni kwamba wenzao watano wa Mahakama ya Katiba, ambao muhula wao ulikuwa umekwisha karibu mwaka mzima, walibaki vitini, wakiwa wengi kuliko wanne wapya. Uchaguzi ukafanyika tarehe 15 Desemba 2024, nusu nusu. Cha kushangaza ni kwamba safari hii, kwa mara ya kwanza, kura halali zilizidi zilizoharibika na tupu. Theluthi mbili haikuwa ya chama kimoja, orodha ilikuwa imegombaniwa, watu wakaona kuna kitu cha kuchagua. Anayesema Wabolivia hawataki kuchagua majaji, aitazame namba hiyo tena.

Meksiko ilikwenda njia hiyohiyo tarehe 1 Juni 2025, kwa upana zaidi, kuanzia Mahakama ya Juu hadi majaji wa wilaya wa shirikisho. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 13. Wakosoaji wa mageuzi hayo waliitaja Bolivia kila siku, na waungaji mkono wakajibu kwamba Meksiko si Bolivia. Wote walikuwa na haki kidogo. Nchi hizo zinafanana palepale ninapopazungumzia: kamati za kuandika orodha zilizojaa mkono wa chama tawala.

Tarehe 17 Agosti 2025 enzi ya MAS ilifikia mwisho. Mgombea wake rasmi, Eduardo del Castillo, aliambulia asilimia 3 na ushei. Rodrigo Paz, mtoto wa rais wa zamani Jaime Paz Zamora, aliongoza, akashinda duru ya pili tarehe 19 Oktoba kwa karibu asilimia 55 dhidi ya rais wa zamani Jorge Quiroga, na kuapishwa tarehe 8 Novemba. Makamu wake, Edmand Lara, ni kapteni wa zamani wa polisi aliyepata umaarufu kwa video za TikTok za kufichua rushwa polisi. Ndani ya wiki mbili serikali mpya iliifuta Wizara ya Sheria, Paz akisema ilikuwa chombo cha kuwakandamiza wapinzani. Ishara inapendeza. Ila wizara haikuwahi kuwa peke yake katika kazi hiyo.

Tazama tarehe. Duru ya kwanza ilikuwa Agosti 17. Siku chache tu baadaye Mahakama ya Juu, chini ya rais wake mpya Romer Saucedo, iliwaagiza mahakimu wahakiki haraka muda wa rumande katika kesi za Áñez, za Luis Fernando Camacho, gavana wa Santa Cruz aliyekuwa ndani tangu Desemba 2022, na za Marco Pumari, kiongozi wa kiraia wa Potosí. Mwezi haukuisha Camacho akatoka. Tarehe 5 Novemba Mahakama ya Juu ikafuta hukumu ya miaka kumi aliyopewa Áñez kwa namna alivyojitwalia urais. Kesho yake alikuwa nje. Mwezi mmoja baadaye, Desemba 10, Luis Arce akakamatwa.

Muda wa rumande ya Camacho ulikuwa umepita kiasi cha aibu, na agizo lile kisheria halina kasoro ninayoiona. Lakini magereza ya Bolivia yamejaa mahabusu. Zaidi ya nusu ya waliomo hawajawahi kuhukumiwa kwa chochote. Wengi ni vijana wa El Alto, mji ulio jirani na La Paz, na wa Santa Cruz walioshikwa na gramu chache au kwa ugomvi wa baa. Hao hawakuandikiwa agizo kwa majina. Kalenda ya uchaguzi haiwagusi.

Mahakimu wa chini nao wasilaumiwe sana kwa kunusa upepo. Sehemu kubwa yao ni wa muda, bila ajira ya kudumu. Mwaka 2017 makumi yao waliondolewa kwa mkupuo kwa maelezo hayohayo, kwamba wote ni wa mpito. Mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu uhuru wa majaji, Diego García-Sayán, alitembelea nchi hiyo Februari 2022 na akalitaja jambo hilo kuwa kiini cha ugonjwa. Bajeti ya mahakama haifiki hata asilimia 1 ya bajeti ya taifa. Hakimu wa muda, mwenye mafaili mpaka darini, anayeweza kufukuzwa kwa barua moja: huyo ndiye anayepigiwa simu kutoka mjini. Coroico ilikuwa hivyo, na Coroico ziko nyingi.

Mapendekezo ya dawa yapo tangu zamani. Mwaka 2023 kundi la wanasheria huru lilikusanya saini kwa ajili ya kura ya maoni ya kubadilisha katiba, ili orodha iandikwe na tume isiyo ya wabunge. Walitakiwa kupata saini milioni 1.5, wakapata zaidi ya 800,000 na dirisha likafungwa. Mimi ningeongeza mambo mawili yasiyo na mvuto wa kisiasa. La kwanza, mihula isiishe siku moja. Watatu wakitoka kila miaka miwili, hakuna Bunge moja litakaloandika mahakama nzima, na hakuna siku ambayo nchi itatishwa kwamba itabaki bila majaji. La pili, muhula ukiisha mtu atoke, awe na mrithi au asiwe naye, na jaji wa akiba achukue nafasi. Kura ya wananchi inaweza kubaki. Sina ugomvi nayo.

Tatizo la sasa ni hesabu. Chama cha Paz hakina theluthi mbili, lakini kikiungana na vyama vya Quiroga na Samuel Doria Medina, aliyeshika nafasi ya tatu katika uchaguzi wa rais, vinaizidi kwa mbali katika mabaraza yote mawili. Hii ndiyo theluthi mbili kubwa kuliko zote tangu ile ya MAS, na iko mikononi mwa watu wanaokubaliana karibu kila kitu kuhusu miaka ishirini iliyopita. Wanaweza kuitumia kuuvunja utaratibu wa orodha. Wanaweza pia kugawana viti vya majaji kama vyama vilivyofanya miaka ya tisini, na kuuita mgawo huo mageuzi.

Mtihani wao uko tayari mezani, na unatoka Sacaba na El Alto. Tarehe 15 Novemba 2019, huko Sacaba, mkoani Cochabamba, na tarehe 19, nje ya ghala la gesi la Senkata mjini El Alto, askari na polisi waliwaua waandamanaji, baada ya Áñez kutia saini amri namba 4078 iliyowakinga wanajeshi dhidi ya mashtaka. Katika mgogoro wote walikufa zaidi ya watu 30. Uchunguzi wa jopo la wataalamu lililoundwa kwa makubaliano na Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika uliyaita matukio hayo mawili mauaji ya halaiki. Mahakama ya Juu ilipofuta hukumu ya Áñez ilisema alitakiwa kushtakiwa kwa utaratibu maalumu wa marais, si katika mahakama ya kawaida. Kesi za Senkata na Sacaba nazo zilielekezwa njia hiyohiyo. Kwa katiba, utaratibu huo hauanzi mpaka Bunge liidhinishe kwa theluthi mbili.

Kwa hiyo familia za Senkata, ambazo kwa miaka sita ziliambiwa zisubiri mahakama, sasa zinawasubiri wabunge. Saucedo anaweza kusema sheria ndivyo ilivyo, na ndivyo ilivyo kweli. Lakini barua ya mwendesha mashtaka itakapofika Bungeni kuomba kibali, tutajua kama theluthi mbili mpya ina kazi nyingine zaidi ya kuwatoa wenzake gerezani.